Vipokezi Vinapozama: Kwa Nini Pampu ya Bluu Haimtoshi Tena Mama

Swali: "Dokta, shikamoo. Mimi naishi Igombe, Mwanza. Mama yangu anabanika sangara na kuuza dagaa Mwaloni Kirumba, na ana pumu ya miaka mingi. Zamani akivuta pampu ya bluu mara mbili alikuwa anakaa vizuri mpaka jioni, ingawa mikono ilikuwa inamtetemeka na moyo kwenda mbio. Siku hizi mikono haitetemeki kabisa, lakini na kifua hakifunguki kama zamani, na pampu moja haimalizi wiki tatu. Muuzaji wa duka la dawa anasema mwili umeizoea. Jirani anamshauri aipumzishe mwezi mzima. Mdogo wangu anayesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) anasema vipokezi vya seli 'vimezama ndani', na hapo ndipo nilipopotea. Vinazamaje? Vinakwenda wapi, na vinarudi? Na mama afanye nini?"

Marahaba, mwanangu, na mpe mama pole zangu. Nianze na lisilosubiri: asiiache pampu ya bluu. Maneno ya jirani yana chembe ya ukweli, nayo nitakuonyesha, lakini mtu wa pumu akibanwa saa nane za usiku bila pampu, chembe hiyo haitamfungua kifua. Pampu ibaki mfukoni. Kinachotakiwa kubadilika ni kitu kingine, nitakifikia.

Mdogo wako hajakosea, ila ameyafanya mambo mawili kuwa moja, na hata wanafunzi wangu wa famakolojia hulifanya kosa hilo kila mwaka. Kipokezi, yaani protini ya seli inayopokea ujumbe wa homoni au dawa, kikichochewa sana, kwanza huziba sikio. Baada ya hapo ndipo huzama. Kuziba sikio kuna protini zake, kuzama kunahitaji na nyingine zaidi, na kila kimoja kina muda wake. Tena huko kuzama, ambako watu hukusikia wakadhani ndio mwisho wa kipokezi, mara nyingi ndiyo njia ya kukirudisha usikivu wake. Ukilielewa hilo, mengine yote kuhusu pampu ya mama yatajipanga.

Njia za hewa za mama zimezungukwa na misuli laini, mfano wa kamba iliyozungushiwa bomba la mpira. Kamba ikikaza, bomba linabana na pumzi inapiga filimbi. Kwenye utando wa kila seli ya msuli huo kuna vipokezi vinavyoitwa beta-2. Kila kimoja ni protini moja ndefu, uzi wa asidi amino 413, uliopenya utando mara saba, kutoka nje kwenda ndani na kurudi nje, kama sindano ya mshona nyavu. Kichwa kiko nje, mkia unaning'inia ndani ya seli. Mwili uliviweka hapo kwa ajili ya adrenalini yake wenyewe. Salbutamoli, dawa iliyomo kwenye pampu ya bluu na iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1969, imeundwa iketi pale pale inapoketi adrenalini.

Dawa ikiketi, kipokezi hujipinda, na upande wake wa ndani hufunguka kijipango. Protini G huingiza ncha yake humo, ikaamshwa, ikakiamsha kimeng'enya kinachotengeneza saikliki AMP, molekuli ndogo inayobeba ujumbe ndani ya seli, na ujumbe huo ukisambaa, msuli unalegea. Kipokezi kimoja kinaweza kuamsha protini G nyingi, moja baada ya nyingine. Ndiyo maana mikrogramu 100 tu za mvuto mmoja zinatosha kufungua kifua cha mtu mzima. Na ndiyo maana pia seli haiwezi kukiacha kipokezi kiendelee kupiga kelele bila kikomo.

Sasa waulize wavuvi wa dagaa hapo kwenu Igombe. Usiku wa giza, karabai au taa ya sola inawaka juu ya maji. Mvuvi aliyeikodolea macho taa, akageuka ghafla kutafuta kamba upande wa giza, haoni kitu. Jicho limezubaa. Mpaka lirudi kwenye ukali wake wote inaweza kupita nusu saa. Sehemu kubwa ya muda huo inatumika kuitengeneza upya rangi ya jicho iliyopaushwa na mwanga, kazi inayohitaji vitamini A. Lakini mapema kabisa, kufumba na kufumbua, kila molekuli ya rodopsini iliyopigwa na mwanga inakuwa imeshanyamazishwa. Rodopsini ni kipokezi, kinapokea mwanga badala ya homoni. Na ni ndugu wa damu wa kipokezi cha kifuani kwa mama.

Undugu huo ulijulikana mwaka 1986, pale kundi la Robert Lefkowitz, akiwemo Brian Kobilka, lilipofaulu kusoma jeni ya kipokezi cha beta-2. Walikuta protini inayopenya utando mara saba, mfanano mtupu na rodopsini. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2012 kwa kazi yao ya vipokezi vya namna hii. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha pembeni kidogo. Walikuwa wameshakipata kimeng'enya kinachokifanya kipokezi kizibe sikio, wakaanza kukisafisha hatua kwa hatua. Ajabu ikawa kwamba kila walipokisafisha zaidi, uwezo wa kuziba ulipungua. Maana yake kulikuwa na kitu kinaoshwa na kumwagwa pamoja na uchafu.

Jibu lilitoka kwenye macho ya ng'ombe. Watafiti wa jicho, akiwemo Hermann Kühn, walikuwa wameonyesha kwamba kuna protini inayoikamata rodopsini iliyokwisha kutiwa alama na kuinyamazisha. Protini hiyo ikaja kuitwa arrestini. Mwaka 1987 kundi la Lefkowitz likachukua arrestini ya jicho, likaitia kwenye mchanganyiko wao wa kipokezi cha beta-2, na kuziba kukarudi. Mwaka 1990 wakaipata ile ya sehemu nyingine za mwili, beta-arrestini. Ninapowasimulia wanafunzi wangu, wengi wao watoto wa wafugaji wa Usukuma, huwa nafurahi kuwaambia kwamba ufunguo wa elimu hii ulikuwa ndani ya jicho la ng'ombe.

Basi kuziba sikio huenda hivi. Kuna vimeng'enya vinavyoitwa GRK, kwa binadamu viko saba. Sifa yao kubwa ni kwamba hukitafuta kipokezi kilichofunguka, kilichoketiwa na dawa, na kile kilichotulia hukipita. Wakikipata, hukipachika chembe za fosfeti kwenye mkia wake unaoning'inia ndani. Fosfeti hizo ni alama. Arrestini inayozunguka ndani ya seli huziona alama, ikaushika mkia, kisha ikaingiza kidole chake kwenye kile kijipango cha ndani, mahali pale pale palipokuwa pa protini G. Kiti kimekaliwa. Dawa bado iko nje, bado imeketi kichwani pa kipokezi, kipokezi bado kiko juu ya utando, lakini ujumbe haupiti tena. Yote haya ni ya sekunde hadi dakika chache. Angalia vizuri: hakuna kilichozama bado.

(Kuna na njia ya pili ya kuziba, ambapo ujumbe wenyewe wa saikliki AMP hurudi nyuma na kukiamsha kimeng'enya kingine kinachotia fosfeti hata vipokezi ambavyo havijaguswa na dawa. Sitaifuata hapa, ila mdogo wako ataikuta vitabuni.)

Arrestini ina kazi ya pili, na hapa ndipo kuzama kunapoanza. Huku imekishika kipokezi, mkono wake mwingine unashika klathirini. Klathirini ni protini yenye miguu mitatu iliyopinda, na Barbara Pearse ndiye aliyeitenga na kuipa jina mwaka 1976. Miguu ya moja hufungana na miguu ya jirani mpaka ukapatikana wavu wa pembe tano na pembe sita, kama ngozi ya mpira wa miguu, au kama mgono uliosukwa chini ya utando. Wavu unavyokua, utando unabonyea kuelekea ndani na vipokezi vyake. Unakuwa kama mfuko wenye shingo nyembamba. Kisha huja protini nyingine, dinamini, inajizungusha shingoni kama mtu anayefunga mdomo wa kiroba cha dagaa kwa kamba, inakaza, na shingo inakatika. Kimfuko kimebaki ndani ya seli peke yake. Upana wake ni nanomita 100 hivi, maana yake vimifuko 10,000 vikipangwa mstari ndipo vitafika milimita moja.

Kuna nzi wa maabara ambao dinamini yao ina kasoro inayojitokeza kwenye joto tu. Chumba kikipata joto wanapooza na kuanguka, kwa sababu neva zao haziwezi tena kukata na kurudisha vimifuko vyake. Kikipoa, wanaamka na kuruka. Kila seli inategemea kile kitendo cha kukaza kamba na kukata.

Nilipokuwa masomoni niliwahi kukitazama kitu hiki kwa macho yangu. Chumba cha giza, hadubini, na seli ambazo arrestini yake ilikuwa imeunganishwa na protini ya kijani inayong'aa, iliyotokana na yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini. Mwanzoni seli nzima ilikuwa kijani sawasawa, kama ukungu wa alfajiri juu ya ziwa. Nikadondosha tone la isoprenalini, dawa inayokichochea kipokezi kwa nguvu zote. Nilikuwa bado naandika saa kwenye daftari, na nilipoinua kichwa ukingo wa seli ulikuwa umeanza kuota vitone, vingi, vidogo, ving'avu, na katikati pamepauka. Arrestini yote ilikuwa imekimbilia ukingoni. Baadaye kidogo vipokezi vyenyewe, ambavyo tulikuwa tumevitia rangi nyekundu, vikaanza kuonekana ndani ya seli bila ile kijani. Arrestini ya kipokezi cha beta-2 huachia mapema, inakisindikiza mpaka mlangoni tu. Kwa vipokezi vingine, kama kile cha homoni inayozuia mkojo, arrestini huingia nacho mpaka ndani, na hivyo kipokezi huchelewa sana kurudi juu. Nilikaa pale mpaka seli zikafa. Tangu siku hiyo sijawahi kulisema neno "mwili umezoea" bila kuviona vile vitone.

Sasa swali lako la pili: vinakwenda wapi? Kimfuko humwaga mzigo wake kwenye chumba kinachoitwa endosomu, chenye uchachu kiasi. Uchachu huo humfanya mgeni, yaani homoni au dawa, aachie. Vimeng'enya vingine humo hung'oa zile fosfeti kutoka mkiani. Kipokezi kinabaki kisafi, hakina dawa kichwani wala arrestini tumboni, hakina alama mkiani, kisha hupandishwa kimfuko kingine na kurudishwa juu ya utando, tayari kusikia upya. Kwa beta-2, chochezi kikiondolewa mapema, vingi hurudi ndani ya nusu saa hivi. Ndiyo kazi mnayoifanya nanyi na nyavu: ukiiacha majini imejaa magugu na tope haikamati kitu, ni lazima ivutwe, ikung'utwe, ioshwe, ndipo ishushwe tena. Wataalamu walilijaribu hili maabara. Walipozuia kuzama, kipokezi kiliziba sikio kama kawaida. Kilichokwama ni kurudi kwa usikivu. Mwambie mdogo wako alishike hilo kabla ya mitihani.

Lakini si nyavu zote hurudi ziwani. Uchochezi ukiendelea saa baada ya saa, siku baada ya siku, vipokezi vingine hubandikwa alama ya pili, kiprotini kidogo kiitwacho ubikwitini. Hiyo ni hati ya kupelekwa lisosomu, chumba chenye uchachu mkali zaidi na vimeng'enya vya kusaga. Huko kipokezi husagwa kikaisha. Wakati huohuo seli hupunguza ile nakala ya jeni inayotumika kutengeneza vipokezi vipya, kwa hiyo idadi inashuka kwa pande zote mbili. Kwa hawa hakuna kurudi. Seli itabidi itengeneze vingine kuanzia mwanzo, na hilo si jambo la dakika.

Madaktari hata huitumia tabia hii makusudi. Wazee wenye saratani ya tezi dume huchomwa sindano ya homoni ambayo kwa kawaida ubongo huitoa kwa mafungu, fungu moja kila saa moja na nusu hivi. Sindano huitoa mfululizo bila mapumziko. Baada ya wiki chache tezi inayoipokea, iliyo chini ya ubongo, huzubaa, homoni ya kiume inashuka, na saratani inakosa chakula chake.

Turudi kwa mama. Pampu ya bluu ya kawaida ina mivuto 200. Ikiisha kwa siku 21, anavuta mara tisa au kumi kila siku. Huo ni uchochezi usiokatika. Na umeniandikia jambo dogo ambalo daktari makini angelidaka mara moja: mikono ilikuwa inatetemeka, sasa haitetemeki. Mtetemeko ule ulikuwa salbutamoli iliyopita kwenye damu ikaamsha vipokezi vya beta-2 vya misuli ya mikono. Kukoma kwake ni ushahidi kwamba vipokezi vya huko vimezubaa. Muuzaji wa dawa hakusema uongo, basi.

Ila hapa inabidi nikuzuie usiende haraka. Misuli laini ya njia za hewa ina vipokezi vya akiba, vingi kuliko inavyohitaji. Hata vikipungua, vilivyobaki vinaweza kuulegeza msuli. Halafu salbutamoli ni mchochezi wa wastani, haikisukumi kipokezi kuzama kwa kiwango cha ile isoprenalini niliyoitumia maabara. Kinachochakaa mapema zaidi ni ulinzi. Ndani ya kuta za njia za hewa kuna seli za mzio zilizojaa histamini, nazo zina vipokezi hivyohivyo ila bila akiba kubwa. Salbutamoli ikizigusa mara chache huzituliza. Ikizigusa mara kumi kwa siku kwa miezi, zinazubaa, na moshi au vumbi vikiingia hakuna anayezizuia. Mama anaweza kuvuta, akafunguka kidogo, lakini akarudi bandani kwenye moshi na kubanwa kwa nguvu kuliko zamani.

Na kuna lililo kubwa kuliko vipokezi vyote. Pumu ni uvimbe. Kuta za njia za hewa zimevimba, zimejaa seli za mzio na kohozi zito. Pampu ya bluu inalegeza kamba tu, uvimbe haiugusi. Mtu anayehitaji mivuto kumi kwa siku, mara nyingi uvimbe wake umepanda na hakuna anayeutibu. Kwa hiyo nikilinganisha, sehemu ya lawama ni ya vipokezi vilivyozama, na sehemu kubwa zaidi ni ya ugonjwa uliokuwa ukiendelea chini kwa chini huku pampu ikiuficha.

Jambo hili limeua watu. Nchini New Zealand, kuanzia mwaka 1976 vifo vya pumu vilipanda ghafla baada ya kuingia sokoni pampu yenye dawa kali ya jamii hii, fenoteroli. Ilipowekewa vikwazo kati ya 1989 na 1990, vifo vilishuka. Mwaka 2019 GINA, mpango wa kimataifa unaotoa miongozo ya pumu, uliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa pampu ya bluu peke yake. Miongozo hiyohiyo inasema mtu anayemaliza pampu tatu au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya, na kuanzia pampu kumi na mbili hatari ya kifo inaongezeka. Kwa mwendo wake wa sasa mama anakwenda kumaliza kama kumi na saba.

Kinachokosekana ni dawa ya kuvuta ya steroidi, kama beklometazoni au budesonidi, ambayo mara nyingi huja kwenye pampu ya kahawia. Watu huidharau kwa sababu ukiivuta hausikii chochote. Inaingia mpaka ndani ya seli, inakamatana na kipokezi chake kisichokaa kwenye utando bali ndani, wanakwenda pamoja mpaka kwenye kiini na kubadilisha jeni zipi zisomwe. Uvimbe unapungua siku kwa siku. Na miongoni mwa jeni zinazosomwa zaidi ni ile ya kipokezi cha beta-2 chenyewe: seli inatengeneza vipya na kuvipandisha juu kuziba pengo la vilivyosagwa. Hiyo ndiyo chembe ya ukweli ya jirani. Ni kweli vipokezi hurudi chochezi kikipungua, lakini namna salama ya kukipunguza ni kuutibu uvimbe mpaka mama mwenyewe asiihitaji pampu ya bluu kila saa. Ataanza kuona tofauti baada ya siku kadhaa hadi wiki chache, na ataivuta kila siku hata akijisikia mzima. Kila akimaliza asukutue na kutema maji, asije akapata utando mweupe wa fangasi mdomoni. Kuna pia pampu moja yenye steroidi pamoja na formoteroli, dawa ya jamii ya salbutamoli, na daktari anaweza kuichagua badala ya kumpa pampu mbili. Ampangie daktari, msijinunulie dukani.

Lakini kabla ya dawa mpya, tazama anavyovuta. Kuna mama mmoja muuza samaki niliyemwomba anionyeshe. Alifungua pindo la kanga, akatoa pampu, hakuitikisa, akaiweka mbele ya mdomo, akabonyeza mara mbili chap chap. Ukungu mweupe ukamtoka puani papo hapo. Dawa yote ilikuwa imeishia kwenye ulimi na koo, na kila siku alikuwa anaambiwa mwili umezoea.

Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita. Kwenye kitako chake kata tundu lenye umbo sawa na mdomo wa pampu, uingie kwa kubana. Osha chupa kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Tikisa pampu, ipachike kwenye kitako, mama aume mdomo wa chupa na kufumba midomo vizuri. Bonyeza mara moja, avute taratibu na kwa kina, abane pumzi kwa hesabu ya kumi, aachie. Kisha mvuto wa pili, vilevile. Watafiti wa Cape Town walishaijaribu chupa ya namna hii kwa watoto wenye pumu na kuikuta inafanya kazi sawa na kifaa cha kununua.

Moshi wa kubanikia nao hauna mswalie. Kama banda linaweza kupata dohani, liwekewe. Kama haiwezekani, akae upande unakotoka upepo, na kugeuza samaki afanye mtu mwingine siku ambazo kifua kinamsumbua. Amweleze daktari pia miaka aliyokaa kwenye moshi wa kuni, kwa sababu moshi wa muda mrefu huleta ugonjwa mwingine wa mapafu unaofanana na pumu na usiojibu pampu sawasawa. Kipimo cha kupuliza huweza kutofautisha.

Akibanwa vibaya, yaani hawezi kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, au midomo inageuka rangi, au amevuta na hajafunguka, hiyo si saa ya kufikiria vipokezi. Mpe ya bluu kwa chupa, mivuto minne hadi kumi, mmoja mmoja, huku mkitafuta gari, na kama safari ni ndefu mrudie kila baada ya dakika ishirini njiani. Kutoka Igombe mpaka mjini si karibu, kwa hiyo mjue mapema ni gari la nani mtakaloliita usiku.

Kwa sasa, pampu mpya ya bluu ikifunguliwa, iandikie tarehe ubavuni kwa kalamu ya kudumu. Itakapoisha, andika tarehe ya pili chini yake, na usiitupe. Siku ya kliniki, Sekou Toure au Bugando au kituo chochote kilicho karibu nanyi, mwende na kopo hilo tupu, na mama aliweke mezani mbele ya daktari kabla hajaulizwa anaumwa nini.